Kupandisha mashua na kutoa injini kwa Tirfor na cheni bloku: mwongozo kwa mafundi wa Tanga

Mashine za kuvutia kwa mkono zimeenea Tanga nzima. Utaikuta Tirfor, mashine ya kuvuta waya kwa mpini, pwani ya Sahare na Deep Sea ikipandisha mashua nchi kavu, utaikuta cheni bloku, ya kunyanyulia kwa mnyororo, kwenye gereji za Ngamiani ikitoa injini ya lori, na kwenye mashamba ya mkonge ikinyanyua vipuri vya korona, mashine ya kuchambua mkonge. Hazili mafuta wala umeme, hazina kelele, na fundi mmoja anaibeba begani. Kwa hiyo watu huzizoea upesi na kuzidharau. Lakini kijana wa kilo 60 akisukuma mpini wa Tirfor ya saizi ya kati anaweka zaidi ya tani moja na nusu kwenye waya mwembamba kuliko kidole. Waya huo ukikatika, hakuna anayewahi kukwepa.

Ukitaka kushika jambo moja tu humu, shika hili: mkono wa mtu mmoja ndio mizani. Mashine hizi zimepangwa ili mtu mmoja, kwa nguvu zake za kawaida, afikie uzito ulioandikwa ubavuni. Mpini ukiwa mgumu kwake, mashine inamwambia mzigo umezidi au kitu kimekwama. Dawa si kuchomeka bomba kwenye mpini wala kumwita mtu wa pili aongeze nguvu. Dawa ni kusimama, kutafuta kilichokwamisha, kisha kupunguza mzigo au kuongeza kapi, yaani gurudumu la kupitishia waya.

Mashine ipi kwa kazi ipi

Cheni bloku ni ya kunyanyua wima. Ndani yake kuna breki ya visahani inayoshika mzigo unapoachia mnyororo wa mkono. Ukiitumia kuvuta kwa ubavu, mnyororo wa mzigo unaingia mshazari kwenye gurudumu lake na unaweza kuruka meno. Ile fupi yenye mpini wa kupeleka mbele na nyuma, cheni bloku ya wenzo, inavuta upande wowote lakini kwa masafa mafupi.

Tirfor inavuta masafa yoyote ili mradi waya unafika, kwa kuwa haiviringishi waya kwenye pipa. Ina jozi mbili za taya ndani: moja ikishika, nyingine inasogea kuchukua zamu yake, na uzito wa mzigo ndio unaozibana. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo taya zinavyong'ata. T-508 inanyanyua kilo 800 na hutumia waya wa milimita 8.3. T-516 ni kilo 1,600 kwa waya wa milimita 11.5. T-532 ni kilo 3,200 kwa waya wa milimita 16.3. Usiingize waya wa saizi nyingine hata kama unapita. Mwembamba utateleza kwenye taya, mnene utakwama, na wenye kiini cha katani utapondeka.

Kwa kupandisha mashua, chukua Tirfor. Kwa kutoa injini, chukua cheni bloku.

Hatua ya 1: Jua uzito kabla ya kufungua mashine

Watu wengi hukadiria kwa macho, na jicho hupunja siku zote. Tumia hesabu ndogo. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, kwa hiyo bamba la milimita 10 lenye ukubwa wa mita moja ya mraba ni kama kilo 78. Zege ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Injini ina uzito wake kwenye kitabu cha gari. Ukikikosa, muulize muuza injini za mtumba, yeye huzipakia kila siku.

Kwa mashua, kumba ngama kwanza, yaani maji yaliyojikusanya chini ya chombo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chombo kilichokaa wiki mbili bila kukumbwa kinaweza kuwa na lita 500 chini ya mbao za sakafu. Hiyo ni nusu tani unayoipandisha bure. Toa pia nanga, mawe ya farumi (ya kutulizia chombo), madumu na nyavu.

Sasa chukua mashua ya tani tatu. Ufukwe ukipanda mita moja kwa kila mita 10, mteremko peke yake unadai sehemu ya kumi ya uzito, yaani kilo 300. Msuguano ndio mlaji mkubwa. Mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, ukiburuzwa juu ya mchanga mtupu, kadiria nusu ya uzito, kilo 1,500. Jumla 1,800, na T-516 yako imezidiwa kabla hujaanza. Tandika mbao ngumu zilizopakwa shahamu chini ya mkuku, msuguano ushuke hadi kama sehemu ya tano, kilo 600. Jumla 900, na hapo mtu mmoja anavuta huku anazungumza. Ndiyo maana nasema saa moja ya kutandika mbao ina faida kuliko mashine kubwa zaidi.

Tena subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Hapa Tanga maji ya bamvua hupishana zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa, na chombo kitaelea chenyewe hadi sehemu ya juu ya ufukwe, ubakiwe na mita chache tu za kuvuta. Ukikilazimisha wakati wa maji mafu, yasiyojaa sana, utakiburuza umbali mrefu zaidi. Ila panga na siku ya kukishusha: kilichopandishwa kwa bamvua kinataka bamvua nyingine ili kielee, kwa hiyo kazi ya kukalafati (kuziba nyufa za mbao) na kupaka deheni (mafuta ya kukinga mbao) ihesabiwe ndani ya muda huo.

Hatua ya 2: Kagua kwa mkono, si kwa kupita tu

Nyoosha waya wote chini. Ukiwa kwenye bunda, uviringishe kama gurudumu. Ukiuvuta kwa ubavu utajikunja vifundo, na kifundo kikikazwa kinavunja nyuzi za ndani ambazo hutaziona. Vaa glavu za ngozi, shika kitambaa cha pamba, kipitishe juu ya waya polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Panapokamata uzi wa kitambaa pana sindano ya waya iliyokatika. Pitia hapo tena, uhesabu. Fuata kamba moja ya msokoto mpaka imalize mzunguko mmoja kamili: ukikuta nyaya sita zilizokatika ndani ya mzunguko huo, au tatu kwenye kamba moja ya msokoto, waya huo umekwisha. Hali kadhalika ukipima unene ukakuta umepungua sehemu ya kumi.

Hapa pwani tatizo kubwa ni chumvi. Waya unaweza kung'aa nje kwa grisi mpya na ndani umeoza. Ukunje kidogo kwa mikono miwili na uangalie katikati ya misokoto. Ukitoa unga mwekundu, usiutumie.

Kisha kulabu. Mdomo uliofunguka, hata kidogo, ni dalili kwamba kulabu hiyo iliwahi kubeba kuliko uwezo wake, na haipashwi moto ikanyooshwa. Ulimi wa usalama lazima urudi wenyewe ukiuachia. Kwenye pingu, kile chuma cha kuunganishia chenye umbo la U, pini iwe ile ile ya pingu. Ikipotea, boliti ya duka la vifaa si badala yake, itapinda. Tirfor nayo ina pini za usalama kwenye wenzo wa kuvutia, na za akiba huhifadhiwa kwenye mashine yenyewe. Zimefanywa laini makusudi, zikatike mzigo ukizidi ili waya usikatike. Nimeona zimebadilishwa kwa msumari wa inchi nne na hata kwa kekee iliyovunjika. Anayefanya hivyo ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamlinda mwenzake aliyesimama mbele.

Mikanda ya poliesta isomwe lebo. Rangi inasaidia: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Mkanda usio na lebo, au uliochanika ukingoni hata kwa upana wa ukucha, usinyanyulie kitu.

Na kamba ya mkonge? Tanga ndiyo nyumbani kwake na ninaiheshimu, lakini mahali pake hapa ni kuongozea mzigo usizunguke. Ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kuanzia ndani, na nje inabaki nzuri. Kamba ya nailoni ya wavuvi ni hatari kwa namna nyingine: inanyumbuka sana kabla ya kukatika, na ule mnyumbuko wote unarudi kwa kishindo. Usiiunganishe na Tirfor hata kwa kurefusha mita mbili.

Hatua ya 3: Pa kufungia

Ajali nyingi za pwani huanzia nyuma ya mashine, pale ilipofungwa. Mnazi ndio mti ulio karibu kila mahali, basi watu huufunga. Mizizi yake ni mingi lakini mifupi na myembamba, haina mzizi mkuu wa kwenda chini, na kwenye mchanga uliolowa inang'oka. Kwa ngalawa ndogo mnazi mzima wenye afya utatosha, ukifungwa chini kabisa karibu na ardhi. Kwa mashua ya tani tatu tafuta mwembe mkubwa au mkungu. Tumia mkanda mpana kuuzungushia mti, si waya, maana waya unakata gome na mti wa watu unakufa.

Pasipo mti, zika gogo. Chimba handaki lenye kina cha mita moja na nusu, likikatisha njia ya kuvutia. Laza gogo gumu la mita mbili ndani, zungushia waya imara katikati yake, na uchimbie waya huo mfereji mwembamba wa kutokea kwa mshazari kuelekea chombo. Ukitoka wima, utaling'oa gogo. Fukia kwa kushindilia kila tabaka. Ni kazi ya nusu siku, lakini nanga hiyo itatumika miaka.

Gari likitumika kama nanga, breki ya mkono peke yake haitoshi. Weka kabari kwenye magurudumu yote, na dereva ashuke.

Sasa kapi, ambalo wengi hulikosea. Ukilifunga kapi kwenye mti ili kugeuza waya urudi ulikotoka, ule mti unabeba mara mbili ya unachovuta. Ukivuta kilo 1,000, mkanda wa mti na pingu vinashika 2,000. Ukigeuza kwa pembe mraba, ni kama 1,400. Kapi hilo halikupunguzii kazi, linabadilisha njia tu. Linalopunguza ni lile linalofungwa kwenye mzigo na kutembea nao, ncha ya waya ikirudi kufungwa kwenye nanga: hapo nguvu inagawanyika nusu kwa nusu, na mwendo unapungua nusu vilevile.

Hatua ya 4: Kufunga mzigo

Mashua haivutwi kwa mlingoti wala kwa pete ya ukingoni. Pitisha mkanda nyuma ya tezi (nyuma ya chombo), ulete pande zote mbili hadi omo (mbele), ushikiliwe chini karibu na mkuku kwa kamba nyepesi usipande. Pembeni mwa fashini, ule mti wa wima wa mwisho wa chombo, weka magunia au vipande vya tairi, mbao zisiliwe.

Usiuzungushe waya wa Tirfor wenyewe kwenye mzigo na kuupachika kulabu juu yake. Utavunjika pale unapojikunja.

Ukitengeneza kitanzi cha waya kwa klipu (vibano vyenye boliti ya umbo la U), ule upande wa klipu wenye kitako ukae juu ya waya unaobeba, na ile U iume mkia. Kwa waya wa hadi milimita 12, klipu zisipungue tatu. Kaza, weka mzigo mdogo, kaza tena, kwa sababu waya hupungua unene kidogo unapobanwa.

Mikanda miwili ikikutana kwenye kulabu moja, pembe kati yake ndiyo inayoamua. Mzigo wa kilo 1,000 kwa mikanda iliyo wima unagawanyika 500 kila mmoja. Pembe ikiwa nyuzi 60, kila mkanda unabeba kama 580. Nyuzi 90, kama 710. Nyuzi 120, kila mmoja unabeba kilo 1,000 nzima. Kwa hiyo mikanda mirefu ni rafiki, na usivuke nyuzi 90.

Hatua ya 5: Kuvuta

Fungua taya kwa wenzo wa kuachia, ingiza ncha ya waya upande unaoelekea mzigo, usukume mpaka utokee nyuma, kwenye upande wa nanga. Vuta ulegevu kwa mkono. Funga taya. Wenzo huo wa kuachia usiguswe tena mpaka mzigo uwe umetulia na waya umelegea.

Kabla ya msukumo wa kwanza, panga watu. Mmoja anavuta. Mmoja anatoa amri, na anayetii anamtii yeye peke yake, ila neno “simama” linaweza kusemwa na yeyote, hata mtoto, na wote wanasimama. Wawili wanahamisha mbao, wakitokea ubavuni, na wanaingiza kabari nyuma ya mkuku kila mashua inaposogea. Hakuna anayevuka waya uliokazwa, wala kuuruka, wala kusimama ndani ya kona ya kapi. Watazamaji, na Sahare hawakosekani, wakae mbali kuliko urefu wa waya. Juu ya waya, katikati, tupia gunia lenye mchanga mbichi au turubai zito; waya ukikatika litaufanya uanguke badala ya kuchapa.

Vuta mpaka waya ukazike, kisha simama. Zunguka: angalia nanga, mkanda, pingu, kulabu. Endelea kidogo, angalia tena. Mashua hugoma kuanza kuliko kuendelea, kwa hiyo hapo mwanzoni ndipo uvumilivu unapohitajika. Maneno ya kawaida ya saa hiyo ni haya:

“Mwanangu, leta lile bomba turefushe mpini, maji yanatupa mgongo.”

“Samahani mzee wangu, hapana. Pini imeshaanza kulalamika. Nipe dakika 20 niongeze kapi kwenye mkuku.”

“Maji je?”

“Tutaweka kabari, chombo hakitarudi. Waya ukikatika ndio tutapoteza siku, na pengine mtu.”

Jibu hilo lisemwe kwa heshima, lakini lisemwe. Nahodha anajua bahari kuliko fundi. Kuhusu waya, fundi ndiye mwenye neno la mwisho, na ni vizuri kukubaliana hivyo kabla chombo hakijaguswa.

Pini ikikatika, mzigo hautarudi, taya zitaushika. Ulegeze kwanza kwa wenzo wa kurudishia, tafuta sababu, ndipo ubadilishe pini. Na wenzo wa kuvutia na wa kurudishia havisukumwi kwa pamoja.

Kwenye gereji: kutoa injini

Kanuni ni zile zile, na makosa ni machache lakini ni mazito. La kwanza ni kenchi. Kenchi za banda zilijengwa kubeba mabati, na injini ya lori si bati. Tumia miguu mitatu ya bomba nene, miguu ikifungwa chini kwa mnyororo isitanuke, au jengo la chuma lililopigiwa hesabu kwa kazi hiyo. Tawi la mwembe lisitumike. Linavunjika likiwa bado na majani mabichi.

La pili ni mnyororo uliojisokota. Cheni bloku yenye mikondo miwili ya mnyororo, kulabu ya chini ikipinduliwa kupita katikati ya mnyororo, inajisokota. Angalia pete: sehemu zilizochomelewa zote zielekee upande mmoja, juu hadi chini. Ikibadilika mahali, irudishe kabla ya kunyanyua.

Cheni bloku ikae wima juu ya kitovu cha injini. Inua sentimita kumi tu, uache mkono, uhesabu pole pole hadi sitini. Ikishuka hata kidogo, breki imechoka au imeingia grisi. Shusha na uitoe kazini. Mnyororo wa mzigo upakwe mafuta mepesi, breki isipakwe kamwe.

Usiingize kichwa wala mkono chini ya injini inayoning'inia. Ukihitaji kufungua boliti ya chini, kwanza ikalishe juu ya magogo. Na injini isiachwe hewani wakati mafundi wamekwenda kula.

Kwa mwenye gereji au karakana: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakubana wewe kwanza, si kijana wako peke yake. Vifaa vya kunyanyulia vinatakiwa kukaguliwa, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo yenye wakaguzi wa kazi hiyo. Andika uwezo wa kila mashine kwa rangi, herufi kubwa, na uweke daftari la ukaguzi karibu na mlango.

Baada ya kazi

Tirfor iliyotumika ufukweni ioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo. Imwagie ndani kwa wingi mpaka mchanga uishe, ikauke, kisha uijaze mafuta ya kulainishia na kuisukuma nyenzo huku na huku mpaka yaenee. Usiogope kwamba taya zitateleza kwa mafuta, zimeundwa kufanya kazi zikiwa zimelowa nayo. Zikiwa kavu ndipo zinapokwama. Waya ufutwe, upakwe mafuta, uviringishwe na kutundikwa, usilazwe sakafuni.

Waya uliokataliwa ukate vipande vya nusu mita leo leo, na mkanda uliochanika ukate katikati na lebo yake uichane. Ukiviacha nyuma ya banda kwa kuonea huruma pesa uliyotoa, msimu ujao mtu mwingine atavikuta, atavifunga kwenye chombo chake, na hatakuwa na habari ya ulichokiona wewe.